Binti aliyeanguka ndani ya daladala ya Pongwe

Kisa hiki kilitokea kumi la pili la Ramadhani, asubuhi ya siku ya kazi. Mimi nakaa Pongwe na kazi yangu iko Ngamiani, kwenye duka la vifaa vya ujenzi, kwa hiyo kila siku napanda daladala inayopita Kange na Majani Mapana kuingia mjini Tanga. Nimekaa nacho muda kabla ya kukiandika. Naamini kina mambo ambayo mtu yeyote anayepanda daladala anapaswa kuyajua kabla hayajamkuta, na mengine niliyakosea mimi mwenyewe mbele ya watu.

Daladala ya asubuhi ya Ramadhani ina ukimya wake. Hakuna anayetafuna karanga, hakuna anayenunua maji dirishani. Watu wameswali tarawehe, wamelala kidogo, wameamka kula daku, wameswali alfajiri, na sasa wamesinzia vitini. Nautaja usingizi mapema kwa sababu umo katika kisa hiki tangu mwanzo, ingawa wakati ule hakuna aliyeufikiria.

Binti alikuwa amekaa kiti cha mbele yangu, dirishani. Baibui jeusi, mtandio wa kijivu, begi dogo kalipakata. Pembeni yake alikaa bibi mmoja mtu mzima, kajifunga khanga moja na kujitanda nyingine ya doti hiyohiyo, maua mekundu kwenye ardhi nyeupe. Tulikuwa tumeshaipita Kange. Nikasikia ukelele mfupi. Haukuwa wa kuita mtu. Ulikuwa pumzi iliyobanwa ikatoka yote mara moja. Mwili wa binti ukakakamaa, shingo ikapinda, kisha akaanza kutetemeka mwili mzima. Mkono wake wa kulia ulikuwa ukipiga bati la ubavuni mwa gari, na bangili zake mbili za plastiki zikawa zinalia tatatata, mfululizo, kwa kasi ambayo mkono wa mtu mwenye fahamu hauwezi kuifikia. Hadi leo nikikumbuka siku ile, kinachonijia kwanza ni mlio ule wa bangili.

"Kapandisha! Kapandisha mashetani huyo!" mtu akasema kutoka nyuma.

Kilichofuata kilikwenda haraka kuliko ninavyoweza kukiandika. Dereva alikanyaga breki na kuegesha pembeni. Konda akauliza nani ana kijiko, na alipokikosa akachomoa kalamu mfukoni, anataka kuipenyeza katikati ya meno. Baba mmoja alimshika binti mikono yote miwili ili kuituliza. Mama mmoja akasema anuseshwe kitunguu, mwingine akasema kiatu. Kijana aliyekaa kiti cha kukunja akaruka nje akipiga kelele kwamba povu lisimguse mtu, linaambukiza. Na ustadhi mmoja aliyekaa mbele aligeuka, akainua mkono na kuanza kusoma Ayatul Kursiy kwa sauti ya wastani.

Ukiwatoa waliokimbilia nje, na walikuwa wawili tu, kila mmoja alikuwa anajaribu kuokoa maisha ya mtu asiyemjua, tena kwa haraka na kwa moyo wake wote. Tatizo ni kwamba karibu kila walichotaka kufanya kingemuumiza. Kisomo cha ustadhi ndicho pekee ambacho hakikuwa na madhara, na nadiriki kusema kilisaidia: sauti yake ilipoenea, makelele yalipungua, na watu wakaweza kusikilizana.

Mimi naijua hali hii kwa sababu ya mdogo wangu mwenye kifafa, nitamweleza mbele. Nikasema, kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia: "Msimtie kitu mdomoni! Baba, mwachie mikono!" Kisha nikatazama saa kwenye simu. Ilikuwa saa 1 na dakika 22. Hapo nilishachelewa kidogo. Saa ndiyo inayotazamwa kwanza, kwa sababu dakika moja ya mtu kutetemeka mbele yako unaweza kuapa kwamba ilikuwa kumi.

Hili la mdomoni nilieleze vizuri, maana kila ninapokisimulia kisa hiki kuna mtu anayeniuliza, "Sasa ulimi si angeumeza?" Ulimi haumezwi. Umeshikiliwa chini ya mdomo na hauna pa kwenda. Anaweza kuung'ata ubavuni, ndiyo, na utatoka damu, lakini utapona. Kijiko au kalamu huvunja meno, na kipande cha jino au cha kalamu kinaweza kushuka kwenye njia ya hewa. Kidole cha msaidizi nacho kitang'atwa mpaka mfupa. Kumshika mikono kwa nguvu hakupunguzi mtetemeko hata kidogo, kwa sababu amri inatoka kwenye ubongo. Kinachoweza kutokea ni bega kuteguka. Kinachotakiwa ni kumwondolea vitu vya kujigonga, kumlaza ubavu mate yatiririke nje yasimpalie, kulegeza kilichobana shingoni, na kuhesabu dakika.

Lakini kumlaza wapi, katika daladala iliyojaa? Na nani wa kumlaza? Yeye mwanamke kijana, mimi mwanamume nisiye na udugu naye, na ni mwezi wa Ramadhani. Nilisita. Ningekuwa peke yangu naye nisingesita, na dini yenyewe isingenizuia kuokoa nafsi. Lakini sikuwa peke yangu. Yule bibi alikuwa ameshaamua. Aliwaambia wanawake wawili wa nyuma wampishe, akasogea hadi mwisho wa kiti, akamvuta binti kwa mabega polepole mpaka kichwa kikalala mapajani mwake, uso ukielekea chini na pembeni. Mate na povu vikawa vinadondokea kwenye khanga aliyojifunga, na hakujishughulisha navyo. Mimi nilipitisha jaketi langu kati ya kiti na bati, mkono ule uache kujipiga. Bangili zikanyamaza.

Halafu alifanya jambo ambalo sikulielewa kwa wakati ule. Alijivua khanga aliyojitanda, akabaki na kitambaa kidogo cha kichwani, akamfunika binti kuanzia kiunoni hadi miguuni na kuichomeka pembeni. Nilidhani anamkinga na upepo wa mlangoni. Ilinichukua dakika nzima kutambua kwamba mwili unaotetemeka hivyo mara nyingi huachia mkojo, kwamba bibi alilijua hilo, na kwamba alimfunika kabla hajajikojolea. Mwanamume hata mmoja hakuona kitu. Harufu labda, lakini hakuna aliyesema.

Saa 1 na dakika 24 na nusu mtetemeko ulipungua, ukawa wa vishtuko viwili vitatu, ukakata. Binti akaanza kupumua kwa sauti nzito kama mtu anayekoroma. Kwa hesabu yangu ilikuwa kama dakika tatu tangu ule ukelele. Hivyo ndivyo inavyokuwa kwa wengi: hali hii huisha yenyewe ndani ya dakika moja hadi tatu. Ikipita dakika 5 bila kukoma, au ikirudi kabla mtu hajapata fahamu, hapo ni dharura na hakuna cha kusubiri, ni hospitali moja kwa moja.

Dereva akauliza: "Bombo?"

Nikamwambia asubiri kwanza, azinduke.

Uamuzi huu nimeurudia kichwani mara nyingi kuliko mengine yote, na nadhani nilikosea, ingawa mwisho wake ulikuwa salama. Nilikuwa najua nini wakati ule? Sikujua kama binti amewahi kuanguka kabla. Sikujua kama ana mimba. Sikujua kama ana kisukari, na mwenye kisukari aliyefunga anaweza kushukwa na sukari asubuhi hadi akaanguka na kutetemeka vilevile. Mtu anayeanguka kwa mara ya kwanza anatakiwa aonwe na daktari, mjamzito vilevile, na aliyejigonga kichwa vilevile. Mimi nilimwona mdogo wangu ndani ya mtu nisiyemjua, nikatoa amri kwa kumbukumbu ya mtu mwingine. Na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo ilikuwa mbele ya safari yetu, upande uleule tunakokwenda. Tulikaa pembeni mwa barabara dakika sita zisizo na faida yoyote. Tungeweza kuendelea na safari polepole, amelala ubavu mapajani mwa bibi, na kuamua njiani.

Katika dakika hizo sita, konda alikuwa amechukua simu ya binti iliyodondoka chini. Ilikuwa simu ndogo ya vitufe, haina nywila. Akafungua namba zilizopigwa karibuni, ya kwanza ikasomeka "Bosi". Kidole kilishafika kwenye kitufe cha kijani. Nilimwambia, "Kaka, ngoja. Akiamka atatuambia tumpigie nani." Akanielewa. Nashukuru kwa hilo hadi kesho, maana mambo yangekuwa mengine kabisa.

Swali

Binti alipofungua macho hakujua yuko wapi. Alitaka kusimama, bibi akamzuia kwa kiganja tu begani, bila nguvu. Akamtazama bibi, akatazama watu, akaigusa khanga aliyofunikwa, na nikaona kwenye uso wake kwamba sasa ameelewa.

Nami nikainama nikamuuliza, watu wote wakisikia: "Dada, una kifafa?"

Nia yangu ilikuwa njema. Nilitaka kujua kama ni mara ya kwanza, ili tuamue habari ya hospitali. Lilikuwa swali la maana kitabibu. Lakini gari zima lilikuwa kimya likisubiri jibu, na akajibu jibu pekee alilokuwa nalo: "Hapana. Ni njaa ya saumu tu." Akavuta mtandio akajifunika mpaka kwenye macho.

Bibi hakunitazama kwa hasira. Alisubiri ustadhi aanze kuzungumza na dereva, watu wakageukia huko, akainama sikioni kwa binti. Nilisikia kwa sababu nilikuwa nyuma ya kiti. "Mwanangu, dawa zako unazo kwenye begi?"

Binti akatikisa kichwa. "Zipo nyumbani, bibi."

Tulikuwa tunatafuta jambo lilelile, mimi na bibi. Mimi niliuliza kwa jina la ugonjwa, nikapewa uongo niliostahili. Yeye aliuliza kuhusu dawa, na katika jibu lile moja akajua kila kitu: kwamba si mara ya kwanza, kwamba ana matibabu, na kwamba hakunywa. Khanga ilikuwa imemfunika sehemu moja tu. Iliyobaki ilikuwa ifunikwe kwa maneno, na mimi ndiye niliyeivuta khanga hiyo. Sikulijua hili kabla ya siku ile, pamoja na miaka yote niliyoishi na mgonjwa nyumbani.

Wakanong'onezana kidogo. Dawa anakunywa mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni. Ramadhani ilipoingia akafunga, akaiacha ile ya asubuhi na kubaki na ya futari peke yake. Usiku ule alikuwa amelala saa 6 na kuamka saa 9 kwa ajili ya daku. Dawa nusu na usingizi wa saa tatu: ukimuuliza daktari yeyote vitu vinavyomwangusha mtu mwenye kifafa kinachotibika vizuri, hivi viwili atavitaja kwanza. Daktari angeweza kumpangia akanywa wakati wa futari na wakati wa daku, au kumbadilishia. Na ruhusa ya mgonjwa kutofunga imo ndani ya Qur'ani yenyewe, katika Suratul Baqara, pale pale panapofaradhishwa saumu: mgonjwa au msafiri atatimiza hesabu katika siku nyingine. Lakini kwa binti wa miaka ishirini na kitu, kula mchana wa Ramadhani kazini ni kuulizwa kwa nini. Na alikuwa ndiyo kwanza ana wiki tatu kazini, duka la nguo mjini. "Bosi" ndiye huyo. Alimwomba bibi mara mbili: wasimpigie.

Kuficha

Wapo watakaosema kwamba alikosea kuficha, na kwamba angesema wazi tungemsaidia vizuri zaidi. Mimi sikubaliani nao moja kwa moja, na sababu ni mdogo wangu.

Tulikulia kijijini, upande wa Muheza. Alianza kuanguka akiwa na miaka saba. Kabla ya hapo alikuwa anapata degedege akipandwa na homa, akafukizwa na kufungwa hirizi, kisha likarudi bila homa. Siku moja aliangukia jikoni, mkono ukaingia kwenye mafiga. Ndani walikuwemo watoto wanne wakubwa kuliko yeye, wote wakakimbia, kwa sababu walifundishwa kwamba ukimgusa mwenye povu na wewe unaupata. Mama alitoka kisimani kumtoa motoni. Vidole viwili havikunyooka tena. Na shule aliyokuwa akisoma ikamwambia mama abaki naye nyumbani mpaka apone, maneno yaliyokuwa na maana ya kwamba asirudi.

Nilipokuja kusoma habari za Mahenge, mkoani Morogoro, ambako daktari kutoka Norway, Louise Jilek-Aall, alianzisha kliniki ya kifafa mwanzoni mwa miaka ya 1960, nililikuta jiko letu humo. Alikuta watu wamejaa makovu ya moto, kwa sababu ileile: hofu ya povu iliwazuia ndugu kuwatoa motoni. Alikuta pia kwamba wengi wao walitulia kwa kidonge cha bei nafuu, fenobabitali, dawa iliyokuwa ikitumika duniani tangu mwaka 1912. Shirika la Afya Duniani linasema watu wenye kifafa ni kama milioni 50, na kwamba hadi asilimia 70 yao wangeweza kuishi bila kuanguka wakipata matibabu sahihi. Kifafa hakiambukizwi kwa mate, wala kwa mkojo, wala kwa kushika. Huanzia kwenye ubongo uliowahi kuumia, kwa uzazi mgumu, malaria kali iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, kujigonga kichwa, minyoo ya nguruwe iliyofika kwenye ubongo; na kwa wengi chanzo hakijulikani.

Kwa hiyo binti anapoficha, anaficha mbele ya watu ambao baadhi yao, dakika kumi tu kabla, waliruka nje ya gari wakimkimbia. Hana kosa. Sisi abiria hatukuwa na haki ya kujua. Ninachoona kilikuwa hatari ni kumficha kila mtu. Bibi alimwambia hivyo, na naandika maneno yake kama nilivyoyasikia: "Usiwaambie wote, mwanangu. Mtafute mmoja pale kazini, mwanamke mwenzio, mwambie huyo tu. Akuwekee na khanga." Bosi asijue ikiwa bado mapema, sawa. Lakini mtu mmoja wa kumgeuza ubavu na kutazama saa lazima awepo.

Dereva aliuliza tena, safari hii kwa upole, na bibi ndiye aliyejibu: twende, tutashuka njiani. Konda akamrudishia binti nauli yake bila kuombwa, akaikunja ile noti ndogo na kuiweka mwenyewe ndani ya begi la binti. Tulipofika mjini bibi aliita bajaji, akampandisha binti akiwa bado amejifunga ile khanga nyekundu na nyeupe juu ya baibui, na yeye akapanda pembeni. Walikwenda kwanza nyumbani kwa bibi kubadilisha nguo, kisha hospitali. Siku ile bibi alikuwa na safari yake ya sokoni, hakuitaja kabisa.

Kabla bajaji haijaondoka nilisogea nikamwambia binti, "Nisamehe kwa lile swali, dada." Akaitikia kwa kichwa. Sijui kama alisikia vizuri. Baada ya kuanguka, kichwa hukaa na ukungu kwa muda, na mtu anaweza kukusahau kabisa.

Wiki moja baadaye nilikutana na bibi asubuhi, kituo cha Pongwe. Nilimtambua kwa sauti. Kajifunga khanga ile ya maua mekundu, lakini aliyojitanda ilikuwa ya kijani, ya doti nyingine kabisa. Nilimuuliza hali ya binti. Akaniambia amekwenda kliniki, wamempangia dawa upya, na mwaka huu hafungi tena. Daktari akimruhusu huko mbele atalipa siku zake, na asipomruhusu atalisha maskini. Na amemwambia mwenzake mmoja pale dukani.

"Na khanga yako, bibi?"

"Kasema ataileta baada ya Idi," akanijibu, akisogea kunipa nafasi nikae. "Nimemwambia asiwe na haraka nayo."